Nusu Tofali la Tangi la Saba

Ulipita. Usiniambie hukupita, maana nakumbuka hata ulichoshika: kikombe cha chai mkono wa kulia, funguo mkono wa kushoto, na ulikuwa unatembea kama bata ili chai isimwagike. Ilikuwa Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Korido ilikuwa imepigwa deki, sakafu bado mbichi. Kushoto kwako kulikuwa na dirisha la kioo, kutoka kiunoni mpaka karibu na dari, na nyuma ya kioo kulikuwa na mtu mzima aliyeinua mikono miwili akimwomba mwenzake asifanye jambo. Uliangalia. Halafu ukaangalia chai yako.

Miaka kumi na moja imepita tangu asubuhi ile. Wewe umesahau, mimi sijasahau kitu. Wenzangu kazini waliniita Faili kwa sababu hiyo, wakidhani wananitania, na mimi nikalipokea jina kwa mikono miwili. Faili halina haya. Ulifungue leo, ulifungue mwakani, litakwambia maneno yaleyale.

Na kama hukuwa wewe, kama chuo chetu hukijui hata mlango wake na karatasi hizi umepewa na mtu njiani, usishushe pumzi bado. Una korido yako na kioo chako. Soma.

Nyuma ya kioo ni chumba cha matangi. Yako kumi na mawili, yamepangwa juu ya meza tatu za chuma, na mashine ya kupoza maji inanguruma mchana kutwa kama mtu aliyelala chali. Kuna baridi. Hata miezi ya joto naingia na sweta. Humo wanaishi aksolotli.

Aksolotli ni salamanda, ndugu wa mbali wa chura: ana mkia mrefu, miguu minne mifupi, na uso wa mtu aliyesikia mzaha na bado anaufikiria. Nyuma ya kichwa ana matamvua ya kuvutia hewa ya majini, matatu kila upande, yanapepea kama nyuzi za ukingo wa shuka. Kwa salamanda wengi matamvua ni mambo ya utotoni. Akikua yananywea, anatoka majini, anatembea nchi kavu na kuvuta hewa kama mimi na wewe. Aksolotli amekataa. Anakua, anazaa, anazeeka, na matamvua yake ya kitoto yako palepale, majini mpaka siku ya kufa. Mtunza stoo wetu, tunayemwita Mama Stoo, alipoelezwa habari hizi mara ya kwanza alisema, "Kumbe ni shemeji yangu! Miaka arobaini, watoto watatu, bado anakula kwa mama yake."

Ukimkata aksolotli mguu, anaota mwingine. Ndiyo maana chuo kinawafuga, wasomi wanaitafuta siri hiyo. Siri si kazi yangu. Kazi yangu ni maji: kuyapima joto, kuyabadilisha, kufyonza uchafu kwa mpira, kuwalisha minyoo mmoja mmoja kwa kibanio. Shule niliiacha darasa la saba. Kilichobaki nimekiokota kwenye vitabu ambavyo maktaba ilivitupa kwa sababu majalada yamebanduka. Jalada hubanduka, maneno hayabanduki.

Ukutani mwa chumba hicho kuna amri kwa herufi kubwa: MAJI MPAKA MSTARI MWEKUNDU. NI MARUFUKU KUWEKA KITU CHOCHOTE NDANI YA TANGI. Aliiandika Mkuu wa Maabara kwa mkono wake, na haki yake nampa: haikuwa amri ya kijinga. Zamani matangi yalikuwa na kokoto chini. Aksolotli hali kwa kuuma, anafungua kinywa ghafla na kilicho mbele kinafyonzwa ndani. Watano walimeza kokoto wakafa, matumbo yameziba. Mkuu akatoa kokoto, akatoa mawe, akatoa kila kitu mpaka ikabaki sakafu tupu ya kioo, akachora mstari mwekundu vidole viwili chini ya ukingo. Hakufa tena mnyama kwa kokoto. Lakini amri nzuri ikishikwa na mtu asiyetazama mbele yake, inaua kuliko amri mbaya, kwa sababu hakuna anayeishuku.

Kabla yangu chumba kile kilikuwa cha mjomba wangu, kaka yake mama. Mwaka ninaousema waliletwa aksolotli wachanga kumi na sita, wa rangi ya udongo wa mfinyanzi, wakawekwa tangi la saba. Wiki ya tatu mjomba akaona matamvua yao yanaisha kama mshumaa. Mapezi ya mkiani nayo yakasinyaa. Wakawa wanapanda juu kila mara kuvuta hewa, wanakwaruza kioo kwa vidole. Mjomba hakujua ni nini. Ila alijua mnyama anayetaka kutoka anavyofanana.

Akaokota nusu tofali nyuma ya jengo. Siku yake ya mapumziko akakaa uani akalisugua kwenye saruji mpaka kingo zote zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Akalichemsha, akalitia tangini, akapunguza maji mpaka uso wa tofali ukatokeza. Kulimeza lile hata mamba asingeweza. Kabla hajafunga kazi, tisa walikuwa wamekaa juu yake, wamebanana, pua zote zikitazama upande mmoja kama abiria.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne yako ile, Mkuu akaingia. Akaona maji chini ya mstari na kitu ndani ya tangi. Makosa mawili, tangi moja. Akakunja mkono wa shati. Mjomba akainua mikono miwili.

"Mkuu, nakuomba. Siku mbili tu. Wanataka pa kukaa."

"Hawa ni wa majini. Wanakaa majini."

Akatoa tofali. Akajaza maji mpaka kwenye mstari. Akashusha kifuniko, akamwambia mjomba akaoshe ndoo. Kesho yake wote kumi na sita walikuwa wanaelea.

Barua ya kumwachisha kazi ilisema: uzembe uliosababisha vifo vya wanyama kumi na sita, kwa kubadilisha kiwango cha maji bila ruhusa. Kwamba maji yalirudishwa, kwamba tofali lilitolewa na mkono mwingine, hapakuandikwa hata nukta. Funika kombe mwanaharamu apite. Kombe likafunikwa, na waliopita tulikuwa sisi.

Mjomba aliondoka na nusu tofali lake ndani ya mfuko wa plastiki. Tangu siku hiyo anatengeneza viti barazani kwake. Mtaani wakampa jina: Mzamishaji. Watu walilisema kwa kucheka, lakini jina la kucheka ndilo linalodumu. Kwenye harusi ya binti yangu alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na mpiga picha alipoita upande wa wajomba, aliinama kufunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa makubazi.

Chumba kikabaki hakina mtu. Nikakiomba mimi. Walisema nafuata mkosi wa ukoo. Nikawaambia mkosi haubadilishi maji, mimi nayabadilisha. Mwaka wa kumi huu, na aksolotli wangu thelathini na mmoja wananijua kwa hatua: nikikaribia wanakuja mbele ya kioo kama wateja.

Basi. Mwezi uliopita yakaja maboksi mawili. Ishirini na wanne, wachanga, rangi ya udongo wa mfinyanzi. Karatasi ilisema aksolotli, Mkuu akatia sahihi, wakaenda tangi la saba na la nane. Wiki ya tatu matamvua yakaanza kuisha.

Mimi sikushtuka. Nilikuwa nimewasubiri miaka kumi. Katika kitabu kimoja kisicho na jalada kuna picha mbili, juu na chini. Ya juu ni aksolotli mchanga. Ya chini ni mchanga wa binamu yake, salamanda ambaye wasomi wamempa jina la simbamarara kwa sababu ya mabaka ya njano atakayovaa ukubwani. Wachanga wamefanana kama mapacha, na muuzaji mzembe huwachanganya. Tofauti ni safari: mmoja anabaki, mwingine anaondoka. Na huyu anayeondoka, ukimnyima nchi kavu, anazama katika maji yaleyale alimozaliwa. Niliposoma ukurasa huo mara ya kwanza nikaukunja pembe. Pembe hiyo imekunjwa mpaka leo.

Jumatatu nikaenda kwa Mkuu na kitabu.

"Mkuu, wa tangi la saba na la nane si aksolotli. Ni binamu zao. Wanakua."

Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Faili, wewe ni mtu wa maji. Magonjwa niachie mimi."

"Ugonjwa gani?"

"Matamvua yanaoza. Nimeshawahi kuuona hapahapa."

"Uliona nini hapahapa, Mkuu?"

Kalamu ikasimama. Ikaendelea. "Ijumaa saa nne daktari wa wanyama anakuja na dawa. Tutawalaza wote. Maji ya matangi yote yanazunguka bomba moja, siwezi kuacha hata mmoja."

"Wote hamsini na watano?"

"Wote. Andaa ndoo."

Kuwalaza! Yaani kuwaua kwa dawa. Mtoto ndiye anayelazwa, anaimbiwa. Ukisikia neno laini kazini, tafuta kisu kimewekwa wapi.

Jumatano nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilimkuta amepiga magoti, anakaza mguu wa kiti. Nusu tofali lilikuwa pale lilipo siku zote, limeuzuia mlango wa baraza usijifunge.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini si hicho. Hicho kitakuangusha uniongezee jina lingine."

Nikakaa chini. Nikamweleza yote, tangi la saba, la nane, Ijumaa. Hakuacha kukaza mguu wa kiti. Nilipomaliza akasema, "Mambo ya kule mimi nimeyaacha kule."

"Mjomba, wale wako hawakuzama kwa sababu yako. Nina kitabu. Walikuwa wanakua, walihitaji tofali lako."

"Najua."

"Unajua?"

"Niliwaona, mwanangu. Nilikuwa sina jina la nilichokiona, na mtu asiye na jina la kitu hasikilizwi." Akaweka nyundo chini. "Mmoja alinipepesea jicho. Yule aliyekuwa juu kabisa ya tofali. Nimefuga aksolotli miaka minane, hakuna aliyewahi kunipepesea. Hawana kope. Yule akafumba, akafumbua, kama mtu anayetoka usingizini. Nikasema, huyu si wa hapa, huyu anakwenda mahali."

Hapo ndipo ilinibidi niseme nililokuja nalo. Kitabu kilikuwa kisingizio.

"Mjomba, siku ile koridoni kulikuwa na mtu anapiga deki."

"Alikuwepo."

"Nilikuwa mimi."

"Sasa wewe unadhani sikukujua? Kazi ya deki nilikutafutia mwenyewe." Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Nilikuona. Ukainamia ndoo."

"Nilikuwa na mwezi mmoja kazini. Niliogopa."

"Wote mliogopa. Ndiyo maana sikumchukia mtu mmoja, mlikuwa wengi mno."

Miaka kumi na moja nimekusanya makosa ya watu kama anayeokota kuni, na langu nimelikalia. Sasa unajua kwa nini nakumbuka chai yako na funguo zako: nilikuwa nakutazama wewe ili nisitazame kioo. Ndiyo sababu nina haki ya kukusema. Nimetoka hukohuko uliko, nimekuacha nyuma.

Mjomba aliinuka, akaenda mlangoni, akaegemeza kiti mahali pa tofali. Akalifuta kwa kiganja, akanipa.

"Lichemshe kwanza. Na ukilitia, ulilaze. Usilisimamishe, watateleza."

Alhamisi asubuhi nililichemsha kwenye sufuria ya chumba cha matangi, Mama Stoo amesimama mlangoni na daftari lake.

"Faili, unapika nini?"

"Tofali."

"Litaiva saa ngapi? Nilete chumvi?" Halafu akalitambua. Tabasamu likafutika. Alijua tofali lile. Siku ile alikuwa analeta boksi la glavu na alisimama mlangoni palepale, akaona kila kitu, akaliweka boksi chini na kuondoka. Wakati huo mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Akasema polepole, "Unataka nifanye nini?"

"Kesho saa nne usiwe stoo."

Nikapunguza maji ya tangi la saba mpaka uso wa tofali ukatokeza. Kwa tangi la nane nikakata kipande cha ubao kinachoelea. Kufika saa tisa wanne walikuwa wamepanda. Mmoja alikuwa ameshapata mabaka mawili ya njano begani, kama mtu aliyeegemea ukuta wenye rangi mbichi. Nikasogeza uso wangu karibu na kioo nikangoja. Jicho lake likazama kidogo, ukope ukapanda kutoka chini, ukashuka. Nilicheka peke yangu kwa sauti. Sikuwa na wasiwasi tena hata kidogo. Mwenye ukweli unaopumua mbele yake hahitaji kupayuka.

Ijumaa saa nne kasoro dakika tano aliingia daktari wa wanyama, mama mmoja mfupi, mikono ya koti imekunjwa, mkononi ndoo nyeupe yenye kifuniko. Nyuma yake Mkuu. Mkuu akaona tangi la saba. Makosa mawili, tangi moja.

Sitakuongopea: nilidhani baada ya miaka yote angalau angesita. Hakusita. Akakunja mkono wa shati, mkono uleule, akauingiza majini. Nikauingiza na wangu, na sweta na kila kitu. Vidole vyake vilipolishika tofali, kiganja changu kilikuwa kimeshatua juu ya vidole vyake.

"Toa mkono," akasema.

"Wewe kwanza, Mkuu. Mkono huu ulilitoa tofali hilihili miaka kumi na moja iliyopita. Leo hautoki nalo."

"Daktari, unaona watu ninaofanya nao kazi?"

"Naona mikono miwili ndani ya tangi la wanyama wagonjwa," daktari akajibu. "Mmoja wenu anieleze."

Nikamweleza mkono wangu ukiwa palepale, maji yananipanda kwenye sweta. Mkuu akanikatiza: "Aksolotli nao hupanda juu kuvuta hewa! Hilo si jipya."

"Kweli, hupanda," nikasema. "Daktari, una tochi?"

Alikuwa nayo. Akaenda tangi la sita, akammulika mmoja wa wazee wangu. Jicho likakaa wazi, duara, kama kifungo cha shati. Akammulika mwingine, na mwingine. Akarudi la saba, akaelekeza mwanga kwa yule mwenye mabaka ya njano, aliyekuwa amekaa juu ya tofali, vidole vyetu vikiwa chini yake, ametulia kana kwamba tulikuwa tumembebea kiti.

Akafumba jicho. Akafumbua.

"Ana kope," daktari akasema.

"Basi ni aksolotli mmoja aliyebadilika," Mkuu akasema. "Hutokea. Mara moja moja hutokea."

"Hutokea kwa mmoja," nikasema. "Hawa ni ishirini na wanne, wiki moja. Na wewe mwenyewe Jumatatu uliniambia maji yanazunguka bomba moja. Sasa huo ugonjwa umefika tangi la sita ukaogopa kugonga hodi?"

Daktari alicheka puani, akajizuia. Akapita matangi yote kumi na mawili, moja moja, bila haraka. Matamvua ya wazee wangu yalikuwa yamejaa, mekundu, yanapepea. Aliporudi aliiangalia ndoo yake, akaisukuma kwa mguu mpaka ukutani.

"Mgonjwa hapandi tofali," akasema. "Hawa wanahama. Wapeni udongo wenye unyevu na boksi lenye kifuniko. Mimi simlazi mtu hapa."

Mkuu akaachia tofali. Alikausha mkono kwa kitambaa cha mfukoni, kidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko ulivyolowa. Alipogeuka kutoka ndipo akaona kioo.

Mama Stoo alikuwa hayuko stoo. Alikuwa koridoni, na alikuwa amewasimamisha watu: wa deki, wa ofisi ya mitihani, mlinzi, walimu wawili, fundi bomba na ngazi yake. Kila aliyepita alimshika mkono akamwambia, "Simama utazame." Walikuwa zaidi ya ishirini. Walitazama tu, na Mkuu akapita katikati yao akiwa na mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine haujakunjwa.

Na wewe ulikuwepo, nyuma, karibu na nguzo. Hukuwa na chai safari hii. Ukapiga makofi, nilikusikia. Asante. Makofi ni mepesi kubeba.

Wiki iliyofuata taarifa ikabandikwa: kutokana na umakini wa uongozi, chuo sasa kina jamii mbili za salamanda. Nikaisoma mara mbili kwa sababu ilinichekesha. Wabandike. Binamu ishirini na wanne wako hai, wanatembea kwenye udongo wao kama wazee wenye viatu vipya, na aksolotli thelathini na mmoja wanaelea na matamvua yao. Hawa wamebaki, wale wameondoka, na hakuna aliyekosea.

Lakini faili la mjomba bado lina lile neno. Uzembe. Nimeomba lifunguliwe, wakasema haiwezekani. Nikawasomea kanuni za utumishi za chuo, kifungu wanachodhani mtu wa maji hakijui: barua ya kuachishwa kazi hupitiwa upya wakipatikana mashahidi watatu wa tukio. Watatu, si wawili. Nimetia sahihi mimi, nikaandika nilichokiona na kwamba niliinamia ndoo. Ametia sahihi Mama Stoo, na chini yake akaongeza kwa herufi kubwa, SITARUDI STOO. Mstari wa tatu uko wazi.

Kamati inakaa leo, Jumatatu, saa nane mchana. Nilipopita kwa mjomba asubuhi alikuwa amepiga pasi shati, la mikono mirefu, lile alilovaa kwenye harusi. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Wa tatu amepatikana?" Nimemjibu, "Amepatikana, mjomba. Yuko njiani." Sikudanganya. Nilikuwa nakusema wewe.

Nakala nyingine zimetembea mitaani, lakini kurasa hizi nimezibandika kwenye kioo chenyewe, usawa wa macho yako, ili ukizimaliza uwe umesimama palepale uliposimama. Inua kichwa. Tazama kulia kwa karatasi: lile ndilo tofali, ndani ya boksi la udongo, na huyo aliyelala juu yake ana mabaka tisa sasa. Ngoja kidogo, atakupepesea.

Umemwona? Basi huwezi kusema hukuona.

Fomu iko juu ya meza ya Mama Stoo, mlango wa tatu, kalamu nimeifunga kwa uzi ili isipotee. Mstari wa tatu ni wako: jina, sahihi, na neno moja kuhusu mkono wa nani ulitoa tofali. Na wewe mwingine, uliyepewa karatasi hizi mbali na hapa, una mtu aliyeinua mikono mbele yako ukatazama kando. Unamjua, jina lake limekujia tangu ukurasa wa kwanza. Nenda kwake, kaseme ulichokiona.

Usinijibu mimi. Weka kikombe chini. Nenda sasa.